Ala Iko kwa Fundi

Fundi wa makasha alikuwa na tabia moja inayowatesa polisi: alijibu swali aliloulizwa, hilo hilo tu, kisha akaendelea kupaka gundi.

"Uliletewa fidla wiki hii?"

"Sikuletewa."

"Wiki iliyopita?"

"Sikuletewa."

"Mwezi huu mzima?"

"Afande, mimi natengeneza makasha. Fidla wanabaki nazo wenyewe. Kwani ukienda kwa mshona viatu unamwachia na mguu?"

Inspekta hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka. Aliitazama saa ya ukutani, ile inayobaki nyuma dakika tano, akajiongezea hizo tano kichwani. Saa tano na robo. Gari la mahabusu lilikuwa linaondoka kituoni saa saba kamili, na katika orodha ya watakaopanda kulikuwa na mzee wa miaka sabini na moja, mtunza stoo ya vyombo vya okestra, ambaye mji mzima ulimwita Babu Stoo. Saa nane angesomewa shitaka la kuiba fidla ya mpiga fidla wa kwanza. Akishasomewa angepelekwa rumande kusubiri tarehe nyingine, na tarehe nyingine siku hizo ilikuwa miezi miwili. Mzee alikuwa anakohoa tangu Jumanne alipokamatwa. Leo Alhamisi kikohozi kilikuwa kimeshuka kifuani, kinasikika mpaka kaunta.

Kituoni walimwita Inspekta Bi Taratibu. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu kwa futi kamba, kusoma kila karatasi mara mbili, na kuandika kwenye daftari mpaka urefu wa fimbo. Alikuwa ametoka likizo asubuhi hiyo na kukuta kesi imekwisha. Koplo wake, ambaye jina lake la kituoni lilikuwa Chapchap, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini, alikuwa amemkamata mzee, amekipekua chumba chake cha nyuma ya ukumbi, na amepata maungamo, vyote hivyo kabla ya chai ya saa kumi. Mkuu wa kituo alifurahi sana. Bi Taratibu aliposema anataka kumwona fundi kwa macho yake, mkuu alimjibu huku akivaa miwani, "Una mpaka saa saba. Saa saba na dakika moja nitakuwa nimeshasaini."

Kilichomkera ni maungamo yenyewe. Mzee alikiri kwamba alichukua, akakiri kwamba hakuomba ruhusa, akataja na mahali: kwa fundi. Fundi naye, alipoulizwa jana na Chapchap, alisema hajaona kitu. Mmoja wao alikuwa anadanganya. Chapchap alikuwa na jibu la haraka hata hapo: wanadanganya wote wawili, wamegawana.

"Nitapekua," Inspekta alisema.

"Pekua, dada yangu. Usishike lile la kijani, halijakauka."

Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Makasha yalining'inia kwenye kamba kama nguo zilizoanuliwa nusu: meusi, mekundu, lingine limevunjika mbavu, lingine limetolewa matumbo yote, mahameli na sponji vimelundikwa pembeni. Mengi yalikuwa na umbo la fidla, kiuno na mabega. Machache yalikuwa marefu na manyoofu kama masanduku ya kawaida. Inspekta aliyafungua moja moja. Alinusa gundi, alibonyeza mito midogo inayoshika shingo ya fidla, alipitisha kidole kwenye vishikio vya upinde. Kumi na moja. Yote matupu.

La kumi na mbili lilikuwa chini ya meza, limefunikwa gunia.

"Hilo hapana," fundi alisema. Kwa mara ya kwanza aliacha kupaka gundi.

"Kwa nini hapana?"

"Ni la mteja."

"Na haya mengine ni ya majini?"

Jasho lilimtoka fundi kwenye paji la uso. Inspekta aliliona, akauona na mkono wake ukitafuta pa kushika. Alipiga goti, akavuta gunia, akafyatua makomeo mawili. Mfuniko ukafunguka.

Tupu. Mahameli ya zambarau, mapya, mazuri sana.

"Sasa lina nini hili la kukutoa jasho?"

Fundi aliangalia mlango, akashusha sauti. "Nimekata shimo fupi. Mwenyewe alinitajia vipimo kwa simu, nami nikasikia ninavyosikia. Fidla inaingia mpaka mabegani, kichwa kinabaki nje kama mtoto aliyepewa shuka la mdogo wake. Anakuja kulichukua Jumamosi. Miaka ishirini na sita ya kazi, afande. Usiliandike hilo."

Inspekta alilirudishia gunia lake, kwa heshima. Dakika ishirini zilikuwa zimekwenda na maji. Aliinuka akijipangusa goti, na hapo ndipo alipoliona la kumi na tatu, juu kabisa, kwenye ndoano ya pembeni ya dirisha: kasha la kahawia, makomeo ya shaba, ubavuni kibandiko kilichochunika cha uwanja wa ndege. Hakuhitaji kufungua jalada la kesi. Maelezo ya mpiga fidla alikuwa ameyasoma mara mbili: *kasha la kahawia, makomeo ya shaba, kibandiko cha uwanja wa ndege kimechunika.*

"Lishushe lile."

Fundi alilishusha. Bawaba moja ilikuwa mpya, inang'aa kama jino la bandia. Ndani hamna kitu.

"Umesema hukuletewa fidla," Inspekta alisema polepole. "Hili ni kasha la fidla iliyoibiwa. Fidla iko wapi?"

"Sijui. Liliingia hapa tupu."

"Jana koplo wangu alikuuliza."

"Aliuliza kama nimeletewa fidla. Tena aliulizia mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, pikipiki inanguruma. Nikamwambia sikuletewa. Angeuliza kasha ningemshushia."

"Aliyelileta ni nani?"

"Yule mzee wa okestra. Ijumaa. Alikuja nalo kifuani, kalikumbatia. Akaniambia, fundi, nimeiangusha, ala imeng'oka bawaba, mwenyewe yuko safarini na nisingependa arudi aikute hivi."

Inspekta alikuwa ameshaanza kuandika. Kalamu ikasimama.

"Alisema nini imeng'oka bawaba?"

"Ala. Hata nilimtania. Nikamwambia, mzee, hili ni kasha, au humu mnabeba panga? Akacheka mpaka akakohoa."

Inspekta alitoa simu.

"Chapchap. Chukua maelezo ya mzee, unisomee. Kuanzia swali la kwanza, na usifupishe."

"Afande, gari la mahabusu limeshafika, wanajaza mafuta..."

"Soma."

Karatasi zilisikika. "'Swali: Ulichukua ala? Jibu: Nilichukua. Swali: Kwa ruhusa ya nani? Jibu: Sikuomba ruhusa, hapo nimekosa. Swali: Ala iko wapi sasa? Jibu: Iko kwa fundi.' Afande, kuna la kujadili hapo?"

"Neno fidla limeandikwa wapi?"

Karatasi zikasikika zikigeuzwa tena.

"Chapchap. Ulimuuliza kuhusu fidla, kwa jina lake, hata mara moja?"

"Si ndiyo ala yenyewe, afande? Ala ya muziki. Hati imeandikwa 'wizi wa ala ya muziki'. Kwenye maelezo nafasi ilikuwa ndogo, nikaandika ala."

"Na kisu kinavaa nini?"

"Afande?"

"Kisu. Panga. Kinapochomekwa kiunoni, kinachomekwa kwenye nini?"

"Kwenye ala," Chapchap alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua kilo mbili.

"Endelea kusoma. Hakusema kingine?"

"Hakuna cha maana. Mwishoni kuna mabano. 'Mtuhumiwa ameuliza mara tatu: chenyewe kimekunywa maji? Anaweweseka.' Nilidhani ana mbuzi nyumbani, afande."

Fundi, ambaye sikio lake lilikuwa limesogea mpaka karibu na simu bila aibu yoyote, alicheka kidogo kisha akaacha kucheka. Alitoa kwenye droo kijibomba chenye matundu, urefu wa kidole, chenye sponji ndani.

"Hiki," alisema. "Majira haya ya kiangazi hewa inakausha mbao. Unalowesha sponji, unakamua, unaweka ndani ya kasha kila siku. Fidla inavuta unyevu. Isipopata, mbao inajikunja na tumbo linapasuka. Wenyewe wanasema kukinywesha chombo."

"Siku ngapi inaweza kukaa bila kunywa?"

"Kivulini, wiki. Mahali pa joto?" Aliinua mabega. "Mimi nisingelala."

Inspekta alikaa juu ya stuli. Kwa hiyo mzee aliulizwa kuhusu ala, akajibu kuhusu ala. Aliiangusha, akavunja bawaba, akaipeleka kwa fundi bila ruhusa, akakiri kosa lake kama mtu mzima. Hakuna uongo hata chembe. Lakini mwenyewe alirudi safari mapema, akakuta rafu tupu, na mkuu hangesaini chochote cha kumwachia mtu kwa sababu ya neno moja kugeuka. Mkuu angeuliza swali moja, nalo lilikuwa la haki kabisa: sasa fidla iko wapi? Saa sita kasoro kumi.

"Alipokuachia kasha," alimuuliza fundi, "fidla alisema ameiweka wapi?"

"Hakusema. Ila aliniuliza swali la kifundi. Alivua uzi shingoni, ule wa kupimia, akauliza: kasha fupi kabisa, lisilo na kiuno, sanduku tu, linahitaji urefu gani? Nikamwambia usipime fidla, pima upinde. Fidla ni fupi. Upinde ndio mrefu, sentimita sabini na tano. Chini ya themanini haulali."

"Themanini."

"Themanini kamili. Akafunga fundo kwenye uzi, akaenda zake."

Inspekta alifumba macho. Alikuwa ameiona themanini asubuhi hiyo. Aliisoma mara moja akiwa amesimama na mara moja akiwa amekaa, kwenye daftari la vielelezo, ukurasa wa upekuzi wa Jumanne. Ni yeye aliyewafundisha koplo wote kupima kila kitu, na wao humsema pembeni kwa hilo. *Sanduku moja la mbao, la vyombo vya ushonaji: shazia, nta, nyuzi. Urefu sm 80.*

Shazia ni sindano nene ya kushonea ngozi. Ndefu kuliko zote haizidi kiganja. Mtu wa kuitengenezea sanduku la sentimita themanini bado hajazaliwa.

"Naondoka na hili kasha," alisema.

"Chukua. Bawaba imeshakauka. Na afande," fundi alimwita akiwa tayari mlangoni, "mkiikuta, msiinyanyue kwa tumbo. Shikeni shingo."

Pikipiki aliyoikodi ilimfikisha kituoni saa sita na dakika ishirini na tano, yeye nyuma, kasha la kahawia mgongoni, watu wa barabarani wakidhani polisi sasa wameanza bendi. Gari la mahabusu lilikuwa limesimama uani, mlango wa nyuma wazi. Kwenye benchi la nje alikaa mke wa Babu Stoo, na sweta la mumewe limekunjwa mapajani juu ya chupa ya chai ambayo siku tatu hakuna aliyemruhusu kuifikisha ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wa yule anayekimbia kimbia?"

"Ni mimi. Mama, kabla ya okestra mzee alifanya kazi gani?"

"Alishona ala, mwanangu. Miaka thelathini. Za visu, za mapanga, za majambia ya wakubwa. Hadi macho yalipokataa."

"Na nyumbani akisema ala anamaanisha nini?"

Bi kizee alimwangalia kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Kila kinachovaliwa na kitu kingine. Foronya kwake ni ala ya mto. Siku ya harusi ya binti yetu nilivaa gauni jipya, akaniambia, leo ala imekukaa." Aliinamisha uso. "Watamrudisha lini?"

Inspekta alilikaza kasha mgongoni. Aliingia ndani.

Babu Stoo alikuwa ameshika nondo za mahabusu kwa mikono miwili, anavuta pumzi kwa awamu.

"Mzee wangu, sikuulizi ala. Nakuuliza fidla. Iko wapi?"

Mzee alikunja uso. "Fidla? Si mnayo nyinyi!"

"Sisi?"

"Mliibeba wenyewe Jumanne. Huyu kijana wenu aliipigiza kwenye mlango wangu, paa! Nikasema polepole, akaniambia nifunge mdomo." Alikohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Nimeifanyia malazi ya muda kwenye sanduku langu. Juu nikarudisha trei ya shazia, mwizi akifungua aone takataka za mshonaji. Kimekunywa maji?"

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Nani aliniuliza? Kila anayekuja ni ala, ala, ala. Nikajiambia, kweli nimevunja bawaba ya watu, lakini serikali hii inapenda makasha!"

Chapchap alikuwa amesimama nyuma ya Inspekta na funguo za stoo ya vielelezo.

Stoo ilikuwa kibanda cha mabati uani. Mlango ulipofunguliwa joto liliwapokea usoni kama mvuke wa sufuria. Kulikuwa na baiskeli, madumu, milango miwili ya gari, na televisheni isiyo na kioo. Sanduku la mbao lilikuwa kwenye kona, na juu ya sanduku kulikuwa na betri ya lori.

"Nani ameweka hii hapa?"

Chapchap aliishika betri upande mmoja. "Ilikuwa inaziba njia, afande."

Waliishusha wawili. Mfuniko ulikuwa umebonyea kidogo katikati. Nje, dereva wa gari la mahabusu alipiga honi mara moja, ya kukumbusha. Inspekta alipiga magoti akafungua. Trei: shazia sita, bonge la nta lililoyeyuka na kusambaa, nyuzi. Chapchap alikuwa amefika hapo Jumanne, akatosheka. Inspekta aliingiza kucha pembeni mwa trei, akainua.

Ndani, juu ya blanketi lililokatwa na kushonwa kwa mshono mdogo mdogo kufuata kila pindo, ililala fidla, upinde kando yake. Shingo ilikuwa imefungwa kwa utepe wa ngozi. Haikugusa sakafu ya sanduku. Mzee alikuwa ameitundika kwenye mikanda miwili, kama mgonjwa kwenye machela, na mikanda hiyo ndiyo iliyoiokoa na mlango wa Chapchap. Uzito wa betri ulikuwa umeishusha trei mpaka upana wa kidole juu yake. Pembeni kulikuwa na kisahani cha sabuni kilichotobolewa matundu, na ndani yake sponji ngumu kama mkate wa juzi.

"Usiiguse," alimwambia Chapchap. "Mlete mzee."

"Mahabusu? Huku?"

"Mlete. Na mkuu pia, kabla hajafungua kalamu."

Walikuja wote: mkuu wa kituo na hati mkononi, dereva wa gari kwa umbea, na bi kizee ambaye hakuna aliyepata ujasiri wa kumzuia. Babu Stoo alichuchumaa mbele ya sanduku. Hakumwangalia mtu. Alifungua utepe, akaitoa fidla kwa shingo, akaiweka sikioni, na kwa fundo la kidole akaanza kuigonga pembezoni. Ko. Ko. Ko. Alisogea nusu inchi, akagonga tena. Hakuna aliyejua anasikiliza nini, na wote waliacha kupumua ili asikie. Mkuu alijikuta amekunja hati ya mashtaka kuwa bomba.

Alizunguka mpaka alipoanzia. Akashusha pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza haikuishia kwenye kikohozi.

"Nzima," alisema. "Ina kiu tu."

Mkuu aliikunjua hati, akaisoma, akamkabidhi Inspekta bila neno. Kisha akapata moja. "Mpigieni simu mwenye mali yake. Na huyu mzee mpeni kiti."

Bi kizee alikuwa ameshamvisha sweta, mkono wa kushoto kwanza, na alikuwa anamimina chai. Babu Stoo aliilaza fidla ndani ya kasha la kahawia, akajaribu bawaba mpya mara mbili, akaitikia kwa kichwa kumkubali fundi. Halafu akamnyooshea Chapchap ile sponji iliyokauka.

"Kijana. Maji. Masafi, na usiyajaze."

Koplo Chapchap alikwenda. Watu wa kituo wanasema hawajawahi kuona kitu kama kile: alirudi akivuka ua mzima hatua kwa hatua, bakuli mikononi, macho ndani ya bakuli, gari la mahabusu likimpigia honi apishe njia, na hakuharakisha, wala hakumwaga hata tone.